Kondakta wa Tallinn na makaburi ya Akeri

Wiki kadhaa nilikuwa nyumbani, Moshi, juu kule ambako mtandao unakuja na kuondoka kama ukungu wa Julai. Mlionilaumu kwa ukimya, mniwie radhi. Sikurudi mikono mitupu. Nimerudi na hadithi, na hadithi yenyewe inaanza na neno moja tu: kondakta.

Ukilitamka neno hilo pale stendi ya Moshi, utaonyeshwa kijana anayening'inia mlangoni mwa Hiace ya Marangu, noti za elfu zimekunjwa katikati ya vidole, anapiga bati kwa kiganja gari liondoke, anapiga tena lisimame. Hashiki usukani, hagusi breki, lakini gari zima linaenda kwa mkono wake. Kondakta ninayetaka kumsimulia leo kazi yake haiko mbali sana na hiyo. Anasimama mbele ya watu mia moja wenye vyombo, yeye hana chombo. Hapulizi, hapigi, haimbi. Anainua mkono, wanaondoka. Anaufunga, wananyamaza.

Jina lake ni Neeme Järvi. Alizaliwa Tallinn, mji mkuu wa Estonia, tarehe 7 Juni 1937. Ameongoza kwaya, ameongoza opera, ameongoza okestra za Ulaya na Marekani, na amerekodi diski zaidi ya 400, idadi ambayo makondakta wachache sana duniani wameikaribia. Kiswahili cha kanisani kinamwita mtu wa namna hii mwalimu wa kwaya, na mimi nalipenda zaidi jina hilo. Linasema kazi yenyewe ilivyo: kwanza unafundisha, tena kwa miezi, kuongoza ni kwa dakika tano, Jumapili.

Najua utauliza: Estonia na Moshi, wapi na wapi? Subiri, nitakufikisha. Kwanza chukua hesabu hii. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa wa Kilimanjaro na watu zaidi ya milioni 1.8. Estonia, nchi nzima, na rais wake, bendera yake na kiti chake Umoja wa Mataifa, ina watu kama milioni 1.3. Yaani wote ungewaingiza mkoani kwetu na bado tungewazidi kwa laki kadhaa. Na nchi hiyo ndogo hivyo imetoa makondakta mpaka wanazagaa duniani kama Wachagga wenye maduka. Hapo ndipo udadisi wangu ulipoanzia.

Udadisi ulizidi kwa sababu nami nimekulia kwenye kwaya. Niliimba sauti ya tatu katika usharika mmoja wa Kilutheri mlimani, chini ya mwalimu ambaye wiki nzima alikuwa shambani na Jumamosi jioni alikuwa mfalme. Alituongoza kwa penseli. Ukikosea nota hakukusema, alikutazama tu, na hilo lilitosha kukufanya uipate wimbo ujao. Wale wa mlimani mnajua ninachosema: nyimbo za nota, sauti nne, mashindano ya kwaya ambayo watu wanayakumbuka miaka na miaka kuliko matokeo ya mpira, na matarumbeta yanayotangulia harusi na jeneza kwa uzito uleule. Tumezoea kuona hayo ni yetu tangu kuumbwa mlima. Siyo. Yana njia yalikopitia.

Njia hiyo inapita Leipzig, mji wa Ujerumani ambako Johann Sebastian Bach alifundisha na kuongoza kwaya kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750. Wamisionari wa chama cha Leipzig walifika Machame mwaka 1893, wakaja na vitabu vya nyimbo, na baadaye vyombo vya shaba. Chama hicho hakikuwa cha Wajerumani watupu. Kilichukua vijana Walutheri kutoka mikoa ya Baltiki, iliyokuwa chini ya mfalme wa Urusi wakati ule. Mmoja wao aliitwa Ewald Ovir, Mwestonia.

Oktoba 1896 Ovir na mwenzake Karl Segebrock, aliyetoka sehemu ambayo leo ni Latvia, walitoka Kilimanjaro kwenda Meru kufungua kituo kipya. Walipiga hema Akeri, juu kidogo ya ilipo leo barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha. Hawakukaa hata wiki mbili. Kapteni Johannes, mkuu wa boma la Wajerumani pale Moshi, naye alikuwa amepiga kambi jirani na askari wake, na ungekuwa wewe ndiye mzee wa Kimeru au Kiarusha wa wakati ule, usingekaa kuchambua nani ana Biblia na nani ana bunduki. Wote ni weupe, wote wamekuja pamoja. Usiku wapiganaji walivamia, vijana wale wawili wakauawa. Ovir alikuwa na miaka ishirini na kitu tu.

Kilichofuata ni kibaya zaidi, na vitabu vya kanisa huwa vinakipita haraka. Johannes alirudi kulipiza kisasi, akiwa na wapiganaji wa Kichagga upande wake. Nyumba zilichomwa, migomba ilikatwa, ng'ombe wakaswagwa, watu wengi wakafa. Babu zetu wa mlimani walikuwemo katika kazi hiyo, tuseme ukweli. Na haikuwasaidia kitu, maana tarehe 2 Machi 1900 Johannes huyohuyo alimnyonga Mangi Meli pale Old Moshi, pamoja na viongozi wengine, Wameru na Waarusha wakiwemo. Makaburi ya Ovir na Segebrock yapo Akeri mpaka leo.

Mwestonia mwingine, Leonhard Blumer, alifika Arusha mwaka 1907, na Waingereza walipowafukuza wamisionari wa Kijerumani mwaka 1920 yeye aliachwa abaki, kwa sababu hakuwa Mjerumani. Estonia ilikuwa imejitangazia uhuru miaka miwili kabla, tarehe 24 Februari 1918. Pasipoti ya nchi ndogo isiyo na ugomvi na mtu wakati mwingine ina faida zake.

Sasa rudi nyuma kidogo, kwao. Waestonia walikuwa wakulima chini ya makabaila wa Kijerumani na serikali ya Kirusi. Shule na maofisi vilikuwa vya wenye lugha kubwa. Lakini kanisani waliimba kwa lugha yao, na walikuwa wamefundishwa kuimba kwa sauti nyingi tangu karne ya 18 na Wamoraviani, ndio hao hao ambao wenzetu wa Tukuyu wanawajua tangu walipofika Rungwe mwaka 1891. Mwaka 1869, mwandishi wa habari Johann Voldemar Jannsen (mnaona, waandishi wa habari tuna kazi zetu) aliandaa tamasha la kwanza la nyimbo mjini Tartu. Zilikuja kwaya za wanaume na bendi za matarumbeta, waimbaji na wapigaji kama 800. Soma tena sentensi hiyo: kwaya na matarumbeta. Ukimchukua mzee wa Mamba ukamketisha pale, angeuliza tu mbona hakuna mbege.

Tamasha la sita lilifanyika Tallinn mwaka 1896. Mwaka uleule Ovir alipokufa Akeri.

Kwa hiyo Neeme Järvi alizaliwa katika nchi ambayo kwaya ilikuwa ndiyo bunge lake kabla haijapata bunge. Alipozaliwa Estonia ilikuwa huru. Alipotimiza miaka mitatu, 1940, Wasovieti waliimeza. Wakaja Wajerumani, wakaondoka, Wasovieti wakarudi. Tarehe 9 Machi 1944 ndege za Kisovieti zililipua Tallinn, na jengo la Estonia, lenye jumba la opera upande mmoja na ukumbi wa muziki upande mwingine, likateketea. Jengo hilo lilikuwa limefunguliwa mwaka 1913 kwa michango ya wananchi, harambee hasa. Likajengwa upya baada ya vita, na humo ndimo kijana Neeme alikuja kufanya kazi.

Kaka yake, Vallo, aliyemzidi miaka kama 14, alikuwa kondakta tayari na ndiye aliyemfungulia mlango. Neeme mwenyewe alianza na vyombo vya kugonga: ngoma, na zailofoni, ambayo ni marimba yetu iliyovalishwa suti. Katika shule ya muziki ya Tallinn alisomea mambo mawili, vyombo vya kugonga na uongozaji wa kwaya. Nawaomba walimu wetu wa kwaya walisikie hilo. Mtu aliyekuja kuongoza okestra kubwa kabisa hakuanzia kwenye okestra, alianzia pale pale mnapoanzia ninyi, kwenye kuwatenga wanaokosea sauti ya pili. Kisha, 1955 hadi 1960, alikwenda Leningrad kusoma kwa Nikolai Rabinovich na Yevgeny Mravinsky. Mravinsky alikuwa mtu mkali, mrefu, mkimya, ambaye okestra yake ilimwogopa. Wanaomfahamu Järvi wanamsimulia tofauti kabisa: mcheshi, mkono mdogo, nyusi zinazofanya kazi ya fimbo, mazoezi mafupi. Wengine humlaumu kwa hayo mazoezi mafupi. Ukitaka kujua kama wana haki, sikiliza kwanza.

Mwaka 1963, akiwa na miaka 26, alikabidhiwa okestra ya redio ya Estonia na jumba la opera la Estonia kwa pamoja. Hapa ndipo siasa inapoingia, na mimi mwandishi wa habari ndipo masikio yanaponisimama. Katika Muungano wa Kisovieti hukuamua tu kupiga muziki unaoupenda. Kulikuwa na kamati, na juu ya kamati kuna kamati, na juu yake kuna Moscow. Lakini Tallinn ilikuwa pembeni, na pembeni kuna nafasi. Järvi aliipeleka jukwaani Porgy and Bess ya George Gershwin, opera ya Wamarekani weusi, na Der Rosenkavalier ya Richard Strauss. Mwaka 1971 alishinda mashindano ya makondakta ya Accademia ya Santa Cecilia huko Roma. Ndiyo, ni Sesilia huyuhuyu ambaye nusu ya kwaya za Kikatoliki kutoka Kilema mpaka Kibosho zina jina lake.

Kati ya hayo mawili ndipo kuna usiku ambao mimi nauona ndio kiini cha maisha yake.

Tarehe 16 Novemba 1968, ukumbi wa Estonia, Tallinn. Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu vifaru vya Kisovieti viingie Prague kuzima vuguvugu la watu wa Chekoslovakia, na serikali zote za kambi ile zilikuwa na jicho kali. Mtunzi kijana, Arvo Pärt, miaka 33, alikuwa ameandika kazi ya kinanda, kwaya kubwa na okestra, akaiita Credo, yaani Nasadiki. Järvi aliweka kazi hiyo kwenye programu bila kungoja ruhusa ya wakubwa.

Inaanza na kwaya kukiri kwa Kilatini, kwa sauti kuu, kwamba inamwamini Yesu Kristo. Hadharani, katika dola isiyomtambua Mungu, mwaka 1968. Kisha unakuja utangulizi mdogo wa Bach katika C kubwa, ule ambao kila anayejifunza kinanda anaupitia, Bach wa Leipzig huyohuyo aliyetufikia sisi kwa mlango wa Machame. Halafu muziki unaanza kuoza. Maneno ya sheria ya kale ya kulipiza kisasi yanaingia, okestra inagawanyika, kila mtu anapiga lake, kelele zinapanda mpaka unafikiri jengo linabomoka tena kama 1944. Na ndani ya vurugu hiyo yanakuja maneno ya Mathayo sura ya 5 ya kukataa kisasi, na Bach anarudi taratibu, amechubuka lakini mzima.

Nimeisikiliza zaidi ya mara kumi. Nakiri mara ya kwanza niliizima katikati. Ni muziki unaochosha. Lakini ukijua Akeri, ukijua kilichofuata Akeri, unaisikiliza tofauti.

Wakubwa walikasirika, si kwa sababu ya kelele bali kwa sababu ya lile jina moja. Kazi ikapigwa marufuku. Pärt akatiwa kwenye kundi la wasioaminika, akaingia katika miaka ya ukimya mkubwa na kutafuta, na alipotoka mwaka 1976 alikuwa na muziki mwingine kabisa, mwembamba, wa kengele, ambao leo umemfanya kuwa mmoja wa watunzi walio hai wanaopigwa zaidi duniani. Järvi alibaki kazini, lakini kuanzia hapo alijua mwisho wa kamba uko wapi. Mialiko ya nje ilikuja na ruhusa ya kwenda ikategemea hali ya hewa Moscow. Malipo ya msanii wa Kisovieti aliyeitwa nje yalipitia shirika la serikali, na kilichomfikia mwenyewe kilikuwa kidogo sana. Mwaka 1979 aliongoza opera ya Tchaikovsky, Eugene Onegin, katika jumba la Metropolitan, New York. Januari 1980 alihama na mke wake Liilia na watoto watatu, wakaenda Marekani. Pärt naye aliondoka na familia yake mwaka huohuo, akaelekea Vienna.

Kwa desturi ya kule, aliyehama alikuwa kama hakuwahi kuzaliwa. Jina halitajwi, rekodi hazipigwi redioni.

Hapa nataka nisimame kidogo, maana kuna upande wa pili, nao una jina: Gustav Ernesaks, aliyezaliwa 1908 na kufariki 1993. Huyu hakuondoka. Mwaka 1944 alianzisha kwaya ya wanaume ya taifa na akaiongoza zaidi ya miaka 30. Ndiye aliyetunga muziki wa wimbo rasmi wa jamhuri ya Kisovieti ya Estonia. Ukiishia hapo utamwita kibaraka. Lakini mwaka uleule wa 1944 alikuwa pia ametunga wimbo juu ya shairi la Lydia Koidula, binti wa yule mwandishi Jannsen, shairi la mapenzi ya nchi. Uliimbwa katika tamasha la 1947, kisha ukapigwa marufuku. Mwaka 1950 makondakta wakuu watatu wa tamasha, Alfred Karindi, Riho Päts na Tuudur Vettik, walikamatwa wakatupwa gerezani. Ebu fikiria mtu anafungwa kwa kuongoza kwaya. Mwaka 1960, tamasha limekwisha, ratiba rasmi imemalizika, waimbaji wakaanza wenyewe kuuimba ule wimbo uliokatazwa, na Ernesaks akapanda kuuongoza. Baadaye serikali ikachoka, ikauacha uingie kwenye ratiba.

Sisi tuna watu wetu wa namna hiyo, ambao huwezi kuwaweka upande mmoja wa mizani. Kapteni John Komba, aliyefariki Februari 2015, kwa wengi alikuwa sauti ya chama tawala na TOT, na wapo waliozima redio wakimsikia. Lakini Oktoba 1999, Mwalimu alipofariki, nchi nzima ililia kwa nyimbo zake, waliompenda na wasiompenda. Mwongoza kwaya anayefanya kazi chini ya serikali anashika vitu viwili kwa mkono mmoja. Mimi siwezi kumhukumu Ernesaks, na wala siwezi kumhukumu Järvi kwa kuondoka. Swali hilo kila familia ya mlimani inalo mezani kila Krismasi, wale waliobaki na kihamba na wale walioshuka na gari kutoka Dar au walioteremka KIA na masanduku. Kila upande unaona mwenzake ndiye aliyechagua rahisi.

Huko nje Järvi alifanya kazi kama mtu anayelipa deni. Mwaka 1982 alichukua okestra ya Gothenburg, Uswidi, akakaa nayo miaka 22. Aliikuta okestra ya mkoa, akaiacha ikiwa na hadhi ya okestra ya taifa la Uswidi. Katikati akaongoza okestra ya taifa ya Uskoti, 1984 hadi 1988, na huko rekodi zake za Prokofiev zikamjengea jina. Na kila alipokwenda aliwabeba watunzi wa kwao. Kulikuwa na mzee mmoja Stockholm, Eduard Tubin, Mwestonia aliyekimbia kwa mashua mwaka 1944, ameandika simfonia kumi ambazo karibu hakuna aliyezipiga nje. Tubin alifariki Novemba 1982. Järvi alizirekodi zote kumi. Hicho ndicho mimi nakiita heshima, kuliko barabara kupewa jina lako.

Kisha Detroit, 1990 hadi 2005. Ningependa vijana wetu wanaodhani muziki wa simfonia ni wa wazungu wasome hapa polepole. Detroit ni mji wa Wamarekani weusi, mji wa Motown, na wakati ule ulikuwa umeshachakaa, viwanda vinafungwa, watu wanahama. Järvi, mtu kutoka taifa dogo lililozoea kuambiwa halina historia, alifungua makabati ya watunzi weusi ambao Marekani yenyewe ilikuwa imewaweka pembeni. Alirekodi simfonia ya William Grant Still, iliyopigwa mara ya kwanza mwaka 1931, simfonia ya kwanza ya Mmarekani mweusi kupigwa na okestra kubwa. Alirekodi kazi za Duke Ellington. Na alirekodi Negro Folk Symphony ya William Dawson.

Huyu Dawson lazima niseme neno. Alikuwa mwalimu wa kwaya! Aliongoza kwaya ya Tuskegee, Alabama, chuo cha Booker T. Washington, na nyimbo za kiroho alizozipanga kwa sauti nne bado zinaimbwa na kwaya dunia nzima. Simfonia yake ilipigwa mara ya kwanza mwaka 1934, watu wakashangilia, kisha ikasahauliwa. Mwaka 1952 alisafiri Afrika Magharibi, akasikiliza ngoma, akarudi nyumbani na kuiandika upya simfonia yake ile ile kwa midundo aliyoisikia. Hakuandika nyingine. Sikiliza sehemu ya mwisho ya rekodi ya Detroit, uniambie kama humsikii mpiga ngoma wa zamani, kijana wa zailofoni wa Tallinn, akifurahia kila pigo.

Tusijidharau lakini, hata huku kwetu wapo waliojaribu. Mganda Joseph Kyagambiddwa alitunga oratorio kubwa ya Mashahidi wa Uganda kwa muziki wa Kiganda, nayo ikasikika Roma mwaka 1964 mashahidi walipotangazwa watakatifu. Ni watu wangapi wa umri wangu wanamjua? Kyagambiddwa hakupata Järvi wake wa kumrekodi mfululizo, kwa okestra nzuri, kwa kampuni inayouza dunia nzima. Tubin alimpata. Tofauti kati ya mtunzi anayejulikana na asiyejulikana mara nyingi ni kondakta mmoja mwenye kiburi cha kwao.

Estonia yenyewe iliendelea kuimba bila yeye. Septemba 1988, watu wanaokadiriwa kufika laki tatu walikusanyika uwanja wa nyimbo wa Tallinn, kama mmoja kati ya kila watano wa nchi nzima, na wakadai uhuru. Agosti 1991 wakaupata bila vita. Järvi alikuwa amerudi mara ya kwanza mwaka 1989, akiwa na okestra yake ya Gothenburg, mgeni katika ukumbi ule ule wa Credo. Kati ya 2010 na 2020 aliiongoza tena okestra ya taifa ya Estonia, ile aliyoanza nayo akiwa kijana wa miaka 26. Watoto wake wa kiume wawili, Paavo na Kristjan, ni makondakta; binti yake Maarika anapiga filimbi. Paavo ameongoza Cincinnati, Paris na, tangu 2019, Zürich. Ni ukoo sasa, kama zile koo za mlimani ambazo ukitaja jina watu wanauliza, wa duka gani?

Turudi nyumbani kabla sijawachosha. Karibu na Akeri, ng'ambo kidogo tu, kuna Makumira, chuo cha Walutheri kilichoanzishwa mwaka 1947. Hapo alifundisha Mmarekani Howard Olson, aliyetumia miaka mingi kukusanya melodi za Kiafrika na kuziwekea maneno ya Kiswahili kanisani, wakati ambapo wazee wengi bado waliamini Mungu anasikia nota za Leipzig tu. Leo Makumira wanatoa shahada ya muziki. Wanafunzi wanajifunza ngoma, marimba, kwaya na nota mahali pamoja, na mwalimu wa kwaya wa kesho anaweza kutoka pale na cheti badala ya penseli.

Nilipita huko nikitoka Moshi kwenda Arusha. Sikushuka, maana Coaster ilikuwa imejaa na konda alikuwa na haraka. Nilikuwa na Dawson masikioni, rekodi ya Detroit, ile sehemu ya mwisho. Tulipofika Usa River konda akapiga bati, gari likasimama, akashuka mama mmoja na tarumbeta kwenye mfuko wa rambo, mdomo wake wa shaba umechungulia nje. Akavuka barabara kuelekea juu, upande wa Akeri.